Taa ya injini imerudi? Isomwe kwanza, isifutwe

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, nipo Morogoro. Mwezi uliopita taa ya injini iliwaka. Asubuhi gari linatetemeka likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ila likishika barabara linakwenda vizuri tu. Fundi alichomeka mashine, akaniandikia kwenye karatasi P0171, P0102 na P0113. Akasema sensa tatu zimekufa, tuanze na ya oksijeni. Nikalipa 30,000 ya kupima na 120,000 ya sensa ya mtumba. Akafuta, taa ikazima. Siku ya tatu imewaka tena. Nimenunua kale kakifaa ka Bluetooth ka kuunganisha na simu, kamegoma kabisa kuongea na gari. Je, ninunue hizo sensa mbili zilizobaki? Na nifanyeje nijisomee mwenyewe bila kupigwa?"

Marahaba, dada yangu. Kwanza funga pochi. Hizo sensa mbili usizinunue, na gari likipelekwa kwa fundi yeyote wiki hii, asifute kitu. Taa imerudi, na kwako hiyo ni heri, kwa sababu kompyuta ya injini, ile tunayoiita kontroboksi, imekwisha kuandika upya kilichotokea. Safari hii tutasoma kabla mtu hajapitisha kitambaa.

Hizo namba nitaziita misimbo. Gereji tunasema kodi, lakini nikiandika "kodi" mwanzo hadi mwisho utadhani nimetumwa na TRA.

Turudi kwenye karatasi yako, maana ina mambo ambayo hata aliyeiandika hakuyasoma. P0171 inasema hewa imezidi petroli: kontroboksi imeongeza petroli mpaka imefika ukomo wake, na bado hewa inazidi. P0102 inasema umeme unaotoka kwenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ile wengi wanaiita eaflo, uko chini mno. P0113 inasema kipimo cha joto la hewa hiyohiyo kinasomeka kama waya uliokatika.

Sasa fungua boneti. Kwenye bomba linalotoka kwenye boksi la ea klina utaona kidude cheusi cha plastiki kimefungwa kwa skrubu mbili, kina soketi ya nyaya tano. Kidude hicho kimoja ndicho kinachobeba vipimo vyote viwili, cha wingi wa hewa na cha joto lake. Fundi akichomoa soketi hiyo swichi ikiwa ON, hata kwa sekunde chache tu za kuangalia kama ina vumbi, kontroboksi inaandika P0102 na P0113 palepale. Haijui kwamba ni mkono wa mtu. Inachojua ni kwamba hewa imetoweka na joto limeshuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, maana hiyo ndiyo namba inayosomeka waya wa kipimo hicho ukiwa wazi. Nyuzi 40 chini ya sifuri, Morogoro!

Kwa hiyo nina shaka kubwa kwamba misimbo miwili kati ya mitatu ilizaliwa gereji. Sikuwepo, simsingizii mtu. Inawezekana pia soketi yenyewe imelegea, kwa sababu kwenye magari ya umri huo klipu za plastiki zimekauka na zinavunjika ukizigusa. Utajua kwa kuangalia kilichorudi. Ikirudi P0171 peke yake, ile mingine miwili isahau. Ikirudi yote mitatu, tunaanza na soketi na nyaya zake, sensa baadaye.

Na sensa ya oksijeni? Hiyo ndiyo iliyoniuma. Iko kwenye ekzosi, kazi yake kunusa moshi na kupeleka taarifa. P0171 ni taarifa iliyotoka kwake. Imekuja kusema huku ndani hewa ni nyingi, sisi tukaikata kichwa. Wahenga walishasema mjumbe hauawi. Ingekuwa yenyewe ndiyo mgonjwa, mara nyingi ungekuta msimbo wa kwake, kwa mfano P0135 kama kihita chake kimekatika, au P0130 kama mzunguko wake wa umeme una hitilafu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Msimbo hautaji spea, unataja mahali palipouma. Mtu akienda hospitali akasema kichwa kinauma, daktari hamkati kichwa. Mashine ya 30,000 imekwambia panapouma, basi. Kutafuta kwa nini panauma ni kazi ya fundi, na ndiyo uliyokuwa unailipia.

Kuusoma msimbo wenyewe si uchawi. Herufi ya mwanzo ni idara: P ni injini na gia boksi, C ni breki, usukani na springi, B ni bodi pamoja na eabegi, U ni mawasiliano kati ya kontroboksi na kontroboksi. Namba inayofuata ikiwa 0, maana ya msimbo ni moja kwa magari yote duniani. Ikiwa 1, ni ya kiwanda husika, na hapo usikubali tafsiri ya gari lingine, maana P1 ya Toyota na P1 ya Nissan ni watu wawili tofauti. Namba inayokuja baada ya hiyo inasogeza karibu zaidi: 1 na 2 ni petroli na hewa, 3 ni moto wa plagi na misi, yaani silinda kushindwa kuunguza petroli yake, 4 ni usafishaji wa moshi, 5 ni spidi na sailensa, 7 ni gia boksi. P0171 basi: injini, ya kimataifa, petroli na hewa. Hata bila intaneti umeshajua utafute upande gani.

Kwa nini taa ilikaa siku tatu ndipo ikawaka? Hili lielewe vizuri, litakuokolea pesa maisha yako yote na magari. Makosa mengine, kama waya uliokatika, kontroboksi inayaandika mara moja. Mengine, P0171 ikiwemo, inayavumilia safari ya kwanza. Inaweka alama ya penseli tu: msimbo unaosubiri, ambao kwenye mashine unaitwa Pending, na taa haiwaki. Kosa likijirudia safari nyingine ndipo inauandika kwa wino na kuwasha taa. Juu ya hapo, fundi alipofuta, alifuta pia kumbukumbu ya kiasi cha petroli ambacho kontroboksi ilikuwa imejifunza kuongeza. Ikabidi ianze kujifunza upya, kilomita kwa kilomita, mpaka ikagonga ukomo tena. Ndizo siku zako tatu. Ile sensa ya mtumba haikusaidia chochote. Ulichonunua ni muda wa kusahau.

Kutoa terminali ya betri au kuchomoa fyuzi ya EFI ni kufuta vilevile. Ukiona fundi anakimbilia spana namba 10 kwenye betri kabla ya kuchomeka mashine, mshike mkono.

Pamoja na msimbo, kontroboksi hugandisha picha ya hali ya injini kwa wakati ule kosa lilipoandikwa: mwendo, mizunguko ya injini kwa dakika, joto la maji, mzigo wa injini, asilimia ya petroli iliyoongezwa. Kwenye menyu ya mashine inaitwa Freeze Frame. Wateja wangu wengi hawajawahi kuiona, na mafundi wengi huipita kama mtu anavyopita tangazo la msiba lisilo la ndugu yake. Kumbe ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo. Kama picha inasema mwendo 0, mizunguko 750, maji nyuzi 88, basi gari lilikuwa limesimama, limeshapata moto, liko sailensa. Kama inasema mwendo 95 na mzigo mkubwa, ulikuwa unapanda mlima umekanyaga mafuta. Hizo ni kesi mbili tofauti zenye msimbo uleule mmoja. Ukifuta msimbo, picha nayo inakwenda.

Sasa namna ya kusoma. Anza na betri. Gari likiwa limezimwa iwe angalau na volti 12.4, injini ikiunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka huzaa misimbo ya uongo, hasa ile ya U, na utakimbizana na vivuli siku nzima.

Geuza ufunguo hadi ON, usiwashe injini. Kabla ya kuchomeka chochote tazama dashibodi: taa ya injini lazima iwake pale, halafu izime ukishawasha. Kwa gari lako tunajua inawaka. Lakini siku ukienda kununua gari la mkononi, taa hiyo isipowaka kabisa ukiweka ON, kuna mtu kaitoa au kaifunika, na wewe rudi nyumbani.

Tundu la kuchomekea liko chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya miguu yako, lina umbo la trapeza na nafasi 16. Nafasi ya 16 inapata umeme wa betri moja kwa moja, hivyo mashine inapaswa kuwaka hata bila ufunguo. Isipowaka, usilaumu mashine. Kaangalie fyuzi iliyoandikwa OBD kwenye boksi la fyuzi. Nimeshaona gari limezungushwa gereji tatu likiitwa "haliingii mashine" kwa sababu ya fyuzi ya ampia 7.5.

Kama ni mashine kubwa ya gereji, Launch au Autel au nyingine, itauliza soko la gari. Hapo chagua Japani. Mafundi wengi wanabonyeza Ulaya au jumla kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha, mashine inasoma nusu, wanasema gari halina shida. Halafu mwambie asome mifumo yote, injini, breki na eabegi, kisha aingie kwenye injini asome misimbo iliyohifadhiwa, asome inayosubiri, afungue ile picha iliyogandishwa. Kila ukurasa upige picha kwa simu yako. Si kwa karatasi: fundi wako aliandika namba tatu akaacha kuandika ipi ni ya sasa, ipi ni ya zamani na ipi inasubiri, na karatasi sasa haina msaada kwenye swali hilo.

Kuhusu kakifaa kako ka Bluetooth, usikatupe. Tatizo ni lugha. Marekani walilazimisha magari yote mapya ya abiria kutumia lugha moja ya upimaji kuanzia modeli za 1996, Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani, kwa magari ya soko lake la ndani, walikaza sheria kamili baadaye sana, mwaka 2008. IST yako ilitengenezwa kwa ajili ya Mjapani wa Japani. Tundu ni lilelile, lakini mtu anaweza kuvaa kanzu asijue Kiarabu. Magari mengi ya Toyota ya ndani ya miaka hiyo yanaongea kwa waya mmoja, kwa kasi ya 9600, wakati kakifaa kako kanabisha hodi kwa 10,400 kulingana na kanuni ya kimataifa. Gari linasikia kelele tu.

Dawa yake ni programu ya simu inayokuruhusu kuandika amri zako za kuanzishia mawasiliano, au ambayo tayari ina chaguo la Toyota ya Japani. Ukiweka amri sahihi, vifaa vingi vinafunguka. Isipokuwa chako ni kile cha bei ya kutupa. Vifaa hivi vinaiga kipande kiitwacho ELM327 cha kampuni ya Kanada, ELM Electronics, na waigaji huandika toleo lolote linalopendeza macho. Ukiona kimeandikwa v1.5 ujue kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo hilo. Vingine vimeandikwa v2.1 na nusu ya amri havizielewi, zikiwemo hizo hizo za kubadilisha kasi. Usiniulize duka gani. La msingi, kabla hujalipa, omba ujaribu kwenye gari lako palepale.

Ipo njia ya tatu, ya zamani, isiyohitaji mashine. Nakueleza lakini ifanye ukiwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Kwenye tundu lile, upande mpana ukiwa juu, hesabu kutoka kushoto: safu ya juu ni 1 hadi 8, ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa OFF, unganisha nafasi ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, kisha weka ON. Kwenye Toyota nyingi za aina hii taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa harakaharaka bila kituo, hakuna kilichoandikwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara tano, hiyo ni 25, ambayo kwa lugha ya zamani ya Toyota ni hewa kuzidi petroli, ndugu yake P0171. Namba 31 inahusu kipimo cha hewa, 24 joto la hewa, 21 sensa ya oksijeni. Usishangae taa za breki na eabegi nazo zikipepesa, kila moja inasema ya kwake. Ila uiogope ile nafasi ya 16, mwisho kulia chini. Waya wako ukigusa pale na nafasi ya 4, umeunganisha betri na bodi ya gari, na utaomba Mungu fyuzi iwahi.

Njia hii inakupa namba lakini haikupi ile picha wala namba za gari likiwa kazini, na kwa ugonjwa wako namba hizo ndizo dawa. Tukishajua ni P0171, sehemu inayobaki inasomwa injini ikiunguruma.

Kwenye ukurasa wa Live Data tafuta mistari miwili ya petroli: ya muda mfupi, STFT, na ya muda mrefu, LTFT. Ni asilimia. Sifuri maana yake kontroboksi inatumia kipimo cha kiwandani, haijaongeza wala kupunguza. Ikiwa na alama ya kujumlisha, inaongeza petroli. Jumlisha mistari yote miwili: ndani ya 10 juu au chini sina neno. Injini ipate moto kwanza, maji yafike nyuzi 85 na kuendelea, easii, yaani kiyoyozi, izimwe. Andika namba gari likiwa sailensa. Kisha mtu akanyage taratibu mpaka mizunguko 2,500 na kuishikilia nusu dakika. Andika tena.

Zikiwa juu sana kwenye sailensa halafu zikashuka karibu na kawaida kwenye 2,500, kuna hewa ya wizi. Inaingia mahali fulani baada ya sensa ya kupima hewa, haijapimwa, haijalipiwa. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo kawizi hako ni sehemu kubwa ya mlo wake. Ikikimbia inavuta nyingi na kale kadogo kanapotelea humo. Zikiwa kinyume, sailensa safi na kadiri unavyokanyaga zinapanda, shida iko kwenye kufikisha mafuta: pampu, filta yake, au presha. Kwa 1NZ presha ya petroli ni paundi 44 hadi 50. Sensa ya hewa iliyoshika uchafu nayo huleta namba mbaya injini inapovuta hewa nyingi, na kwa barabara zetu za vumbi, tena mtu akiwa amefunga ea klina bila kubana klipu zote, hilo si la ajabu. Hiyo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, bila kugusa kile kiwaya cha ndani kwa kitambaa wala kidole.

Wewe umeniambia asubuhi linatetemeka sailensa na barabarani ni zima. Kabla sijaona namba, moyo wangu uko kwenye hewa ya wizi.

Niliwahi kuletewa IST ya mzee mstaafu, imeshabadilishwa sensa ya oksijeni, plagi zote nne na koili mbili. Sailensa ilikuwa inaongeza asilimia 23, kwenye 2,500 inashuka hadi 4. Nikachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi, nikaanza kunyunyiza kidogokidogo kwenye maungio ya mabomba ya hewa, nikiyakwepa makoili na soketi. Mbele kimya. Throto bodi kimya. Nilipofika kwenye kampira kafupi kanakotoka kwenye valvu ya mvuke wa injini kwenda manifoldi, mlio ukabadilika, injini ikatulia kama mtoto aliyewekewa nyonyo, sekunde mbili, ikarudi kutetemeka. Nikapitisha kidole chini ya kampira: juu kazima, chini kamepasuka urefu wa kucha. Kwa macho usingekaona hata kwa tochi, kwa sababu mpasuko ulikuwa umegeukia injini. Mzee alinitazama mimi, akakatazama kampira, akaniuliza kama ninamtania. Kampira kapya kalikuwa na bei ya chakula cha mchana.

Wengine wanapuliza dawa ya kabureta badala ya maji. Inafanya kazi vizuri zaidi, na juu ya ekzosi ya moto inawaka vizuri zaidi pia. Maji yanatosha.

Kwa hiyo dada, nenda hivi. Piga picha misimbo iliyorudi na ile picha iliyogandishwa. Piga picha STFT na LTFT sailensa na kwenye 2,500. Fundi aangalie huo mpira wa mvuke, mpira mkubwa unaokwenda kwenye busta ya breki, bomba la ea klina kwenye mikunjo yake, na gasketi ya manifoldi. Kikipatikana kitu na kikatengenezwa, ndipo afute. Kufuta kunakuja baada ya matengenezo, ili uone kama umepona. Usikimbilie kushangilia siku hiyohiyo: endesha siku kadhaa, safari za asubuhi ya baridi na za foleni, kisha soma tena ukitafuta kilichoandikwa kwa penseli. Kikiwa kitupu na LTFT imerudi chini ya 10, umemaliza. Hata usipofuta, gari likipona taa itajizima yenyewe baada ya safari tatu safi mfululizo, na msimbo utajifuta baada ya injini kupata moto mara 40 hivi bila kosa kurudi.

Jambo moja la haraka: taa ikiacha kuwaka tu na kuanza kupepesa ukiwa barabarani, hiyo ni misi kali, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na kuyachoma. Punguza, paki. Ikiwa imetulia tu kama sasa, unaweza kuendesha kwenda kazini mpaka Jumamosi ufike kwa fundi.

Na ile sensa yako ya zamani iliyotolewa, mwombe fundi akurudishie kabla haijamfikia mteja mwingine. Huenda ilikuja na gari kutoka kiwandani, na inawezekana ni nzima kuliko hiyo ya mtumba uliyouziwa. Utaijua ukiirudisha: kwenye Live Data, injini ikiwa moto na mizunguko 2,500, volti yake iwe inarukaruka upesi kati ya 0.1 na 0.9. Ikifanya hivyo, iache palepale, na hiyo ya 120,000 muulize aliyekuuzia kama anairudisha.